Zako tia maji



Leo sizungumzii siasa wala bei ya mafuta. Nazungumzia ndevu. Najua wapo watakaosema kwamba hilo ni jambo la kila mtu na bafu lake, halistahili kupewa dakika hata moja ya redio. Nawaomba subira kidogo, kwa sababu lilikaribia kuharibu harusi.

Miezi mitatu iliyopita nilisafiri kwenda Kilwa Masoko, ambako mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa anaoa. Basi lilitushusha pale njia panda ya Nangurukuru usiku, naye akaja kutupokea na bajaji ya rafiki yake. Gizani sikuona kitu. Asubuhi yake, tulipokaa barazani kunywa chai, ndipo nilipomtazama vizuri na kushtuka. Shingo yake, kuanzia chini ya kidevu hadi kwenye koromeo, ilikuwa imejaa vipele vyeusi, vigumu, vingine vimetunga usaha. Pembeni mwa taya ngozi ilikuwa imepauka na kuwa nyekundu, kama ya mtu aliyemwagikiwa na uji wa moto.

"Mjomba, usinitazame hivyo," akaniambia. "Ni ndevu tu."

Ni ndevu tu! Kumbe kila anaponyoa vipele vinatoka, na kila vinapotoka anavitumbua kwa sindano, kisha anapaka mafuta ya mkebe aliyouziwa dukani bila karatasi ya daktari. Mafuta hayo yalimtuliza wiki mbili za kwanza, halafu yakaanza kumchubua. Kibaya zaidi, mtaani walikwisha anza kunong'ona. Shangazi mmoja wa bibi harusi alifika kwa dada yangu, akazunguka weee, mwisho akauliza kama kijana amepima. Kijana alikuwa amepima, yeye na mchumba wake pamoja, na wote wawili walikuwa salama. Lakini cheti cha hospitali huwezi kukining'iniza shingoni ili kifunike vipele.

Nikamwomba anionyeshe anavyonyoa. Akaleta kindoo cha maji ya kisima, kipande cha sabuni ya mche ile ya kufulia, na kijimashine cha plastiki chenye nyembe tatu zilizopangwa pamoja. Kijimashine hicho kilikuwa na umri wa mwezi na ushee. Akachovya maji, akajipaka sabuni ambayo haikutoa hata povu la kumziba nzi macho, akainua kidevu, akakwangua kutoka chini kwenda juu, kwa nguvu, kama mtu anayeparua samaki. Nilitaka kumkaripia, lakini nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe, na umri wangu huu, hunyoa vivyo hivyo. Tofauti yetu ni kwamba ndevu zangu ni chache.

Ikabidi twende Kilwa Kivinje kwa baba yangu mkubwa.

Mzee huyu amepita miaka themanini. Ujanani alikuwa karani katika shamba la mkonge la Kikwetu, kule Lindi, na anasema enzi hizo karani mwenye vishina vya ndevu alionekana kama amelewa usiku. Tangu hapo hunyoa mashavu na shingo, akaacha ndevu za kidevuni zilizopunguzwa vizuri. Ngozi yake ni laini kama ganda la embe dodo. Tulipomwamkia na kuketi alimkazia macho mjukuu wake, akamwuliza: "Wewe umepigana na kuku?" Utani wa babu na mjukuu huo. Kijana akacheka kwa aibu. Mzee akaendelea: "Shuleni hawakukufundisha kwamba mwenzako akinyolewa, zako tia nini?"

"Tia maji, babu."

"Sasa wewe umetia nini?"

Naam, ndugu wasikilizaji. Methali hii tumeisema tangu utotoni kwa maana ya kujihadhari na yaliyomfika jirani. Lakini waliotuachia walikuwa wananyoana kwa visu, na walijua walichokisema. Unywele wa ndevu ukiwa mkavu ni mgumu, na wembe hauukati. Huuvuta kwanza, ukaukwanyua. Ukiloweshwa kwa dakika mbili au tatu hunywa maji, ukavimba na kulainika, na wembe huhitaji nguvu ndogo sana kuupitia. Kwa hiyo wakati wa kunyoa ni baada ya kuoga, si kabla. Asiyekuwa na nafasi ya kuoga achovye kitambaa katika maji ya uvuguvugu, akiweke usoni mpaka ahesabu mia mbili taratibu. Mchezo wote huanzia hapo, na wengi wetu tunapoteza mechi kabla filimbi haijapulizwa.

Hapo mpwa wangu akajitetea kwamba maji ya Masoko hayatoi povu. Na katika hilo alikuwa na haki kabisa.

Pwani yetu, tangu Kilwa hadi Lindi, sehemu kubwa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Mtu yeyote aliyevuka kwenda Kilwa Kisiwani ameona ule Msikiti Mkuu na magofu ya Husuni Kubwa, pamoja na lile bwawa lake la kuogea la pembe nane, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14. Vyote hivyo ni mawe ya matumbawe yaliyogandishwa kwa chokaa, na chokaa hiyo ni matumbawe yaliyochomwa. Basi mwamba ule ule uliojenga mji wa masultani ndimo visima vyetu vilimochimbwa. Mvua inapopenya chini huyeyusha chokaa kidogo kidogo, na maji yanayofika kwenye ndoo yamekwisha ibeba. Karibu na bahari huongezeka na chumvi.

Sabuni na chokaa hazipatani. Chokaa iliyo majini huikamata sabuni na kuigeuza utando wa kijivu, ule unaoganda pembezoni mwa beseni. Mpaka chokaa yote ishibe, povu halitoki. Unasugua, unasugua, sabuni inakwisha, na kilichobaki usoni ni utando usioteleza. Wembe ukipita juu yake ni sawa na kupita juu ya ngozi kavu.

Mzee akatuonyesha mtungi mdogo uliofunikwa kwa kawa, pembeni mwa ukuta. Ndani yake mlikuwa na maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati. Hayanywi, hayapikii, ni ya kunyolea. Maji ya mvua hayajapita mwambani, kwa hiyo hayana chokaa. Akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: kunyoa hakuhitaji ndoo ya maji laini, kunahitaji kikombe kimoja tu cha kutengenezea povu. Kuloweka na kusuuza unaweza kutumia maji ya kisima bila shida.

Na kama hakuna mvua? Chemsha. Mmeona ukoko mweupe unaoshika ndani ya birika la chai? Hiyo ndiyo chokaa iliyotoka majini baada ya kuchemka. Chemsha kikombe kimoja na nusu, acha yapoe na yatulie, mimina ya juu. Chumvi haitoki kwa kuchemsha, lakini sehemu kubwa ya chokaa ya namna hii hutoka, na povu litakuja.

Sasa sabuni. Sabuni ya mche tuiachie kanzu na mashuka. Ni kali mno kwa uso. Wapo wenye uwezo wa kununua sabuni au krimu ya kunyolea mijini, na hizo ni nzuri, kwa sababu zimetengenezwa ili povu lake liwe zito na lisikauke upesi. Lakini watu wa pwani tuna jibu letu mnazini. Sabuni iliyopikwa kwa mafuta ya nazi hutoa povu hata katika maji ya chumvi. Ndiyo maana mabaharia wa zamani walitafuta sabuni ya nazi ili waweze kuogea maji ya bahari. Kule Zanzibar, katika vijiji kama Paje, akina mama hutengeneza sabuni ya mwani pamoja na mafuta ya nazi, na watalii huinunua kwa bei ambayo mimi siithubutu.

Nisiwadanganye, sabuni ya nazi ina kasoro yake. Povu lake huja haraka na kuondoka haraka, na huikausha ngozi. Mzee hutia matone mawili matatu ya glisirini, ile inayouzwa kwenye chupa ndogo madukani, na povu likakaa. Hulitengeneza kwa brashi: analowesha brashi, anaikung'uta, anaizungusha juu ya kipande cha sabuni nusu dakika, kisha anahamia usoni akizungusha na kuongeza maji tone kwa tone mpaka povu ling'ae na kuwa zito kama mtindi. Lenye mapovu makubwa ya kupasuka lina maji mengi mno. Likiwa gumu kama unga uliokandwa, limekosa maji. Asiye na brashi atumie vidole, ila asiwe na haraka. Brashi inafanya kazi nyingine pia: inazisimamisha ndevu na kuzichomoa zile zilizolala.

Baada ya hapo ndipo mzee alipotoa mashine yenyewe. Wengi wenu mmeiona kwa babu zenu: kitu kidogo cha chuma chenye mpini, ukizungusha kinafunguka, unalaza ndani yake wembe mmoja wa makali kuwili, ule wa karatasi unaouzwa hata kwenye kibanda cha vocha, unafunga. Kifuniko chake kinauacha wembe uchungulie kidogo tu, ndiyo maana ikaitwa mashine ya usalama. Aliyeieneza duniani ni Mmarekani King Camp Gillette, mwuza bidhaa aliyetaka kubuni kitu ambacho mteja atakitumia, atakitupa na kurudi kununua kingine. Mwaka 1903, mwaka wake wa kwanza sokoni, aliuza mashine 51 na nyembe 168 tu. Mwaka 1918 jeshi la Marekani liliagiza mashine kama milioni 3.5 kwa ajili ya askari wake vitani, na askari waliporudi makwao walirudi nazo.

Je, kama ilikuwa nzuri hivyo, kwa nini mpwa wangu ana nyembe tatu kwenye plastiki? Kwa sababu biashara haikulala. Mwaka 1971 kampuni ile ile ilileta kichwa chenye nyembe mbili. Maelezo yake yalikuwa kwamba wembe wa kwanza unauvuta unywele juu, wa pili unaukata kabla haujarudi. Ukisharudi, ncha yake inakuwa chini ya ngozi, na uso unakuwa laini zaidi. Kwa Mzungu mwenye nywele zilizonyooka hakuna tatizo. Unywele utaota na kutoka moja kwa moja. Sisi nywele zetu zimejikunja. Unywele uliokatwa chini ya ngozi, ukianza kuota, hujikunja na kuchoma ukuta wa tundu lake ukiwa bado ndani. Na ule mrefu kidogo hutoka, ukapinda, ukarudi kuitoboa ngozi kutoka nje. Mwili unauona kama mwiba wa mgeni na kuanza kupigana nao. Hicho ndicho kipele. Si uchafu, si laana, wala si UKIMWI. Katika jeshi la Marekani askari weusi wengi wamelazimika kutafuta vibali vya daktari vya kutonyoa kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo anayesumbuliwa na vipele hatakiwi kunyoa mpaka uso uwe kama yai. Anatakiwa kuukata unywele sawasawa na ngozi, usizame. Wembe mmoja mkali unatosha, na mkono mwepesi.

Mkono mwepesi ndio uliompa mpwa wangu shida kubwa. Mzee alimwambia aweke kichwa cha mashine shavuni, mpini ukiwa umeelekea nje, kisha aushushe mpini taratibu mpaka asikie wembe unaanza kuuma nywele. Hapo asimame, asishushe zaidi. Mashine ina uzito wake, iache ijishushe yenyewe. Kijana alizoea kukandamiza, kwa kuwa plastiki haina uzito na wembe wake ulikuwa butu, na mara ya kwanza alijichana karibu na sikio. Mzee hakushtuka. Alichukua kipande cha shabu, akakilowesha, akakigusisha, damu ikakata.

Jambo la pili ni uelekeo. Pitisha vidole usoni siku mbili baada ya kunyoa: upande unaoteleza ndio ndevu zinakolala, upande unaokwaruza ndio kinyume. Mashavuni nyingi zinashuka. Shingoni zinafanya zinavyotaka. Nyingine zinapanda, nyingine zinakwenda pembeni kama kaa. Fuata zinakolala, hatua fupi fupi, suuza wembe kila baada ya mbili tatu, na usiivute ngozi sana, maana ngozi iliyovutwa ikiachiwa inaumeza unywele. Pakibaki kitu, paka povu tena na upite mara ya pili vile vile. Kupandisha kinyume, kwa mwenye vipele, ni marufuku. Ukimaliza suuza kwa maji ya baridi na ujipanguse kwa kugusagusa. Wale wanaojimwagia spiriti au dawa ya kusafishia vidonda ili "kuua wadudu" wanajichoma tu.

Mashabiki wetu wa mpira hupenda kutamba kwamba wembe ni ule ule. Kwenye ndevu, wembe usiwe ule ule. Ukishanyoa mara nne au tano utupe, na ukianza kuvuta mapema utupe mapema. Hewa yetu ya bahari inaozesha chuma. Fungua mashine, isuuze, ikung'ute, iache ikauke mahali pasipofikiwa na upepo wa chumvi. Usiupanguse wembe kwa kitambaa, utaharibu makali na vidole. Kwa kutupia, mzee ametoboa mwanya kwenye kopo la maziwa, na nyembe zote zinaingia humo hadi lijae, ndipo analizika shimoni. Watoto wa Kivinje hutembea pekupeku.

Na wembe ni wa mtu mmoja. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliporipotiwa Kagera mwaka 1983 tumeambiwa tusichangie nyembe, na wengi tumesikia. Tunachosahau ni homa ya ini aina ya B, ambayo virusi vyake vinaweza kuishi nje ya mwili, kwenye damu iliyokauka, kwa siku saba au zaidi. Wembe wa kaka uliokaa dirishani tangu Jumamosi si salama kwa sababu tu umekauka. Kwa kinyozi, dai wembe mpya ufunguliwe mbele yako, au nenda na wako. Akinuna, mwache anune.

Mnataka kujua ya harusi. Mzee alikataa katakata kijana asinyoe siku zile. Alisema ngozi iliyovimba hainyolewi, wala vipele havitumbuliwi. Ziachwe ndevu ziote mwezi mzima, na yale mafuta ya mkebe yaachwe, lakini kwanza aonwe na daktari, kwa kuwa mafuta ya aina hiyo yakikatishwa ghafla ngozi inaweza kuwaka zaidi. Tulikwenda hospitali siku iliyofuata, akapewa dawa na maelekezo. Bwana harusi akaoa na ndevu fupi zilizopunguzwa kwa mashine ya umeme iliyofungwa kitana chake. Pwani yetu ndevu si aibu, na yule shangazi alikula pilau kama wengine.

Juma lililopita alinipigia simu. Ameshanyoa mara sita kwa mashine aliyopewa na babu yake, siku ya tatu kwa ya tatu, wala si kila siku. Vipele vipya ni viwili, chini ya sikio la kushoto, mahali ambapo anakiri alipandisha kwa tamaa. Makovu ya zamani bado yapo, na mawili yamevimba na kuwa magumu. Daktari amemwambia hayo hayataondoka kwa kunyoa vizuri, na yanahitaji matibabu yake. Weupe wa taya unaanza kurudi rangi. Aliniuliza swali moja ambalo sikuwa na jibu lake: mvua zimekatika, mtungi wa babu umefika nusu, na mkewe ameanza kuchota humo maji ya kuoshea nywele. Nilimwambia anunue mtungi wa pili.

Hadi juma lijalo, kwaherini.